Injini ya Nahodha Okot Haikuzima

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya saa nne asubuhi. Nilifika kituo cha uokoaji cha Port Bell nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kwa sababu mama alisema mtu haanzi kazi kama mzururaji. Forman wa karakana, mzee mfupi wa Tororo, aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni akauliza, "Wewe umekuja kuoa ama umekuja kutengeneza injini?" Akanirudisha Naguru nikabadilishe nguo. Nilirejea saa nane mchana na ovaroli ya kuazima iliyonifika magotini, na hapo ndipo akanipa spana ya kwanza. Sikuiachia mpaka nilipostaafu.

Ilikuwa mwaka uliofuata vita vya themanini na sita. Baba yangu alikuwa konstebo kutoka Arua, nami nililelewa kwenye nyumba za polisi za Naguru, mahali ambapo Mwacholi, Mlugbara, Mteso na Mnubi waligombania bomba moja la maji. Kiswahili changu cha kwanza nilikiokota hapo bombani, kimevunjika mbavu. Hiki ninachoandikia leo nilifundishwa baadaye na redio na Wakenya wa bandarini, kwa hiyo mkiona mahali kinachechemea, mjue kimetoka mbali.

Wajukuu zangu huniuliza fundi wa boti ya uokoaji alikuwa anafanya nini siku ambayo hakuna meli iliyozama. Alikuwa anajiandaa, basi. Boti yetu ilikuwa na injini ya dizeli ya silinda nne, nayo ilitakiwa iwake kwa mara moja, wakati wowote ule. Vijana wa siku hizi mnachomeka kompyuta kwenye injini, inawaambia ugonjwa wake. Sisi tulitumia bisibisi. Unaweka ncha yake kwenye injini inayonguruma, mpini unaubana sikioni, na unasikia kila kitu kinachogonga ndani. Forman alinifanya nisikilize hivyo miezi mitatu kabla ya kuniruhusu kufungua nati hata moja. Nilimchukia kwelikweli. Baadaye nilipofundisha wengine niliwafanyia hivyohivyo, nao wakanichukia.

Mkuu wa Kituo wa kwanza alikuwa mtu wa kanuni. Alikuwa nazo nyingi, lakini mbili ndizo lazima mzijue.

Ya kwanza ilihusu mafuta. Boti ilikuwa na matangi mawili, kubwa na dogo. "Kubwa ni la kwenda, dogo ni la kurudi," alituambia kila Jumatatu mpaka tukachoka kumsikia. Koki ya tangi dogo ilifungwa kwa waya mwembamba, na ncha za waya zikabanwa kwa kipande cha madini ya risasi chenye namba ya fundi. Namba yangu ilikuwa saba. Aliyeruhusiwa kuukata waya ule ni nahodha peke yake, na akishaukata, anageuza boti na kurudi nyumbani bila mjadala, hata kama anaona watu majini kwa macho yake. Mkuu alikuwa na sababu. Aliwahi kupoteza boti nzima iliyoishiwa mafuta kule mbali, na alisema waokoaji waliokufa hawamwokoi mtu.

Kanuni ya pili: fundi aliyetia sahihi kwamba injini ni nzima, anapanda boti. Hapo hakuna fundi anayetia sahihi kwa uvivu.

Nilifanya kazi Jinja miaka miwili, kisha Bukakata mwaka mmoja, chini ya Mkuu wa Gati aliyependa makaratasi kuliko boti. Ukimwambia pampu imekufa, anauliza imekufa kwa fomu gani. Niliporudishwa Port Bell, Forman alikuwa ameshakwenda kulima mihogo yake, na karakana ikawa yangu. Hapo ndipo nilipokutana na Nahodha Okot.

Okot alikuwa Mwacholi mrefu, mpole, mwenye njugu mfukoni wakati wote. Aliimba nyimbo za kanisa huku akipotea njia katikati ya kila ubeti. Baharia wake, Wasswa, alikuwa Muganda wa Ggaba aliyelijua ziwa tangu utotoni. Redio ilikuwa ya Taban, Mnubi wa Bombo, mtu wa sala tano na wa mzaha mwingi. Walizozana kuhusu chakula tangu asubuhi mpaka jioni. Lakini niliwaona kazini, na nasema bila kuona haya kwamba sijaona timu nyingine kama ile. Walikuwa hawaambiani la kufanya. Mmoja akinyoosha mkono, kamba iko tayari mkononi mwake.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, saa tatu asubuhi. Taban alitoka mbio chumba cha redio. Meli ya mizigo kutoka Kisumu, iliyoitwa Rangwe, imepakia saruji na mabati, ilikuwa imepanda mwamba ng'ambo ya visiwa vya Kome. Usukani ulikwama, upepo ukaisukuma. Ndani mlikuwa na watu wanane, na maji yalikwisha kuingia chumba cha injini.

Niliwasha injini, nikasikiliza kwa bisibisi, nikatia sahihi, nikaruka ndani na mfuko wangu wa vifaa. Okot alikuwa ameshashika usukani. Alinitazama.

"Fundi, shuka."

"Kanuni inasema aliyetia sahihi anapanda."

"Kanuni haina makalio. Wewe iko na makalio, na itakalia nafasi ya mtu. Kwa mawimbi ya leo hii boti inabeba watu nane. Sisi watatu, na wao watano. Wewe ukikaa, wao wanne. Umehesabu?"

"Injini ikizima huko?"

"Itazima?"

Wote watatu waliniangalia. Nilikuwa nimeifungua injini ile na kuifunga mwezi uliotangulia, kila nati kwa mkono wangu.

"Haizimi," nilisema.

"Basi shuka."

Wasswa alinipokea mfuko, akaurusha gatini, akacheka. "Fundi, baki upike chai. Tukiludi tuikute iko moto!"

Nilishuka. Walipita mbele ya gati la mizigo, wakageuka kulia, mvua ikawafunika.

Nilikaa kwenye redio pamoja na Mkuu wa Kituo. Huyu alikuwa wa pili, mtu mwema asiyependa matatizo. Ilipita saa sita ndipo sauti ya Taban ikaja, imejaa mkwaruzo. "Watano tumewashusha kisiwani, wazima. Watatu bado wako kwa meli. Upepo ni mbaya sana. Sasa Nahodha anasema…" Ikakatika hapo. Niliita mpaka jua likazama na sauti ikaniishia. Mkuu alipoufunika mdomo wa redio kwa kiganja chake, nilijua.

Ziwa lilitulia siku ya tatu. Rangwe ilikuwa imelala ubavu juu ya mwamba, na boti yetu ilikuwa chini yake, imepasuka, kwenye maji ya kina cha watu wawili. Miili ya watu wetu watatu ilipatikana, kila mmoja akazikwa kwao. Watatu wa meli walipatikana pia. Nilikwenda Bombo, nikaenda Ggaba, na kwa Okot nilikwenda mpaka Gulu. Mkewe, Mama Atim, alinisalimia kwa mkono bila kunitazama usoni.

Maneno yakaanza kabla udongo haujakauka. Mmoja wa wale watano waliookolewa alikuwa mpishi wa meli, Mkenya aitwaye Barasa. Yeye ndiye aliyekalia kiti changu. Aliandikisha maelezo kwamba boti ilipoondoka tena kisiwani, injini ilikohoa na kuzima karibu na ufuko, ikakaa kidogo, kisha ikawaka tena, na mvua ikaificha. Hayo tu. Lakini bandarini mtu akipewa jani anarudisha mti. Ilipofika Ijumaa, watu wa Luzira, mtaa wa bandari yetu, walikuwa wanasema kwamba Okot aliogopa, akawakimbia wale watatu, na injini ikamzimia njiani akirudi nyumbani, mawimbi yakamrudisha kwa nguvu kwenye meli aliyoikimbia. Watoto wa Naguru walisikia. Na watoto wa Okot walikuwa wakisoma nao.

Tume ya uchunguzi iliundwa. Boti ilivutwa kwa mnyororo mpaka karakana yangu, nami nikaagizwa niikague injini na kutoa ripoti. Niliomba niachwe peke yangu. Nilitaka kujua kama niliwaua.

Nilianza na rafadha, lile panga la chuma linalosukuma boti, lenye mbawa tatu. Hapa niwaeleze kitu ambacho Forman alinifundisha. Rafadha iliyosimama ikigonga jiwe, ubawa mmoja ndio unaopinda, ule uliogonga. Inayozunguka ikigonga, kila ubawa unapita kwenye jiwe kwa zamu yake, na zote zinapinda sawasawa, upande mmoja. Nilizifuta matope kwa mkono. Zote tatu zilikuwa zimepinda sawasawa. Nilikaa chini sakafuni, nikacheka peke yangu kama mwehu, kisha nikalia.

Halafu nikaangalia zaidi. Mkono wa gia ulikuwa mbele, umesukumwa mpaka mwisho. Koki ilikuwa imefunguliwa upande wa tangi dogo. Na waya wangu ulikuwa umekatwa kwa koleo, mkato safi, kipande cha risasi chenye namba saba kikiwa bado kinaning'inia.

Nilielewa yote. Upepo ulikula mafuta kuliko hesabu yetu. Karibu na ufuko wa kisiwa tangi kubwa lilikauka, injini ikakohoa, ikazima. Okot akakata waya. Kwa kanuni alitakiwa arudi Port Bell, au apande ufukoni akae na wale watano. Yeye alichukua mafuta ya kurudi nyumbani akayatumia kwenda kwenye meli. Hakukuwa na upepo uliomsukuma pale. Alikwenda kwa injini, kwa kasi yote aliyokuwa nayo, na injini ilikuwa inafanya kazi mpaka jiwe lilipoizuia.

Mkuu wa Kituo aliniita ofisini mchana, siku moja kabla ya tume kukaa. Nilimweleza nilichokiona. Alifunga mlango.

"Fundi, nisikie vizuri. Ukisema waya ulikatwa na boti ikaenda mbele, umemwambia mwenyekiti kwamba Okot alivunja kanuni na akaua watu wawili wa chini yake. Hatapata gwaride la heshima. Jina lake haliendi ukutani kwa wenzetu waliokufa kazini."

"Na nikinyamaza?"

"Injini ilizima. Bahati mbaya. Wote watatu wanapata gwaride, wote ukutani. Wewe utapelekwa stoo, utahesabu misumari mwaka mmoja, watu watasahau. Injini haina mke, Fundi. Okot anaye."

Naapa alisema kwa huruma. Nilitoka nikatembea kwa miguu kutoka Luzira mpaka Naguru, na njia nzima nilibishana naye kichwani. Nilikuwa na kiburi, sikatai. Niliumia kwamba injini yangu ingesingiziwa. Lakini kila nilipokaribia kusema "sawa, nitanyamaza", nilimwona Okot akiniuliza, "Itazima?" Kama ningesema ilizima, ningekuwa nimewakuta kule chini majini na kuwaambia nimewadanganya. Na hilo la kukimbia lingebaki juu yake milele, kwa sababu gwaride halizibi midomo ya watu. Upande wa pili, nani alinipa mimi haki ya kumvua marehemu heshima yake mbele ya mkewe? Nilifika nyumbani miguu inauma, bado nabishana.

Tume ilikaa asubuhi katika ukumbi wa kituo. Mwenyekiti alikuwa Mhandisi Mkuu kutoka makao makuu, mtu mkavu, miwani puani. Familia zilikaa nyuma. Mama Atim alivaa gauni la gomesi, la buluu, mikono magotini.

"Fundi," Mwenyekiti akasema, "injini ilizima ama haikuzima?"

Mkuu wa Kituo alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mzee, ilikosa mafuta karibu na kisiwa, ikasimama. Nahodha alikata waya, akafungua tangi dogo, akaiwasha. Baada ya hapo haikuzima tena. Ilikuwa inazunguka wakati inagonga mwamba, na gia ilikuwa mbele."

"Unajua unachosema? Unasema nahodha alikata waya na hakurudi?"

"Najua. Na ninasema hakusukumwa na upepo. Alikwenda mwenyewe. Rafadha iko nje, kila mtu akaione. Mbawa zote tatu."

Nilitaka niongeze maneno mazuri, nilikuwa nimeyatayarisha njiani, yakanipotea yote. Mwenyekiti aliandika. Nyuma yangu nilisikia kiti kikisogezwa. Nilipogeuka, Mama Atim alikuwa anatoka. Alipita karibu nami kiasi cha kunigusa.

Ripoti ilitoka kama Mkuu alivyosema. Wasswa na Taban walipigiwa gwaride, majina yao yakachongwa ukutani. Kuhusu Okot iliandikwa kwamba alivunja kanuni ya mafuta. Siku ya gwaride sisi wa karakana, wote sita, tulisimama mwisho wa mstari, na lilipotajwa jina la Taban, la mwisho, tukaongeza la Okot kwa sauti moja, bila ruhusa. Mkuu wa Kituo alijifanya anakohoa. Tulikatwa likizo ya mwaka ule, na sijawahi kukosa likizo kwa furaha kama ile.

Nilibaki karakana miaka mingi baada ya hapo. Kanuni ya waya niliilinda na kuifundisha, na msinielewe vibaya: ni kanuni nzuri, imeokoa maisha ya vijana wangu mara mbili kwa macho yangu. Nilifanya kazi chini ya Wakuu wa Kituo wengine wanne. Mmoja alileta injini mbili za kufungwa nje ya boti, kutoka ng'ambo, zinapiga kelele kama cherehani, ila ziko haraka. Barasa mpishi hakurudi ziwani. Alifungua hoteli ndogo Bukoto, nami nikipita hapo hanikubalii nilipe, tunagombana, mwisho nakula. Watoto wake wanne wote walizaliwa baada ya siku ile. Nikiwaona wakikimbia na sahani, najisikia mtu tajiri.

Lakini kuna kitu kilinikaa kifuani. Mama Atim alihama nyumba za Naguru, akapanga Kyebando. Tulikutana mazishini, arusini, tukasalimiana vizuri kabisa, na kila mara nilitaka kumuuliza nikaogopa. Nilijiambia nilisema ukweli. Usiku na mchana kuna sauti iliyonijibu kwamba nilisema ukweli ili nilinde jina langu, na nililipa kwa jina la mwanaume aliyenishusha botini nikaishi.

Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba. Kesho yake asubuhi nilikwenda Kyebando. Mama Atim alikuwa barazani anachambua mchicha, nywele zote nyeupe. Alinipa kiti, akamwita mjukuu alete chai.

"Mama Atim," nikasema, "nimekuja kwa neno la zamani. Ile siku ya tume, ningenyamaza, Okot angekuwa ukutani. Mkuu aliniambia. Nilijua, na bado nikasema. Uliondoka bila kuniambia kitu. Nataka kujua kama nilikukosea."

Aliendelea kuchambua, majani huku, vijiti kule.

"Fundi, umebeba hii kitu miaka yote?"

"Nimebeba."

"Mimi nilitoka nje sababu nilisikia furaha. Mwanamke anafurahi wakati watu wanaongea kifo ya bwana yake, utasema huyu ni mzima? Nikaenda nyuma ya choo ya kituo, nikapiga magoti huko, nikashukuru Mungu." Akaweka mchicha chini. "Wewe hujui. Watoto yangu walikuwa wanarudi kutoka shule na damu kwa mdomo, wanapigana. Wenzao wanawaambia baba yenu alikimbia. Atim aliniuliza, mama, baba alikimbia? Mimi nilikuwa sijui, Fundi. Mimi bibi yake nilikuwa sijui nimujibu nini. Sasa wewe ukasimama pale mbele ya wakubwa. Ile jioni nikawaita wote, nikawaambia: baba yenu hakukuwa anarudi. Alikuwa anaenda."

Mjukuu alileta chai akaiweka mbele yangu. Kabla sijainua kikombe, machozi yalinitoka mbele ya mtoto wa watu. Mama Atim alinisogezea sukari, akaniuliza kama natia vijiko viwili au vitatu.